Nzi Weusi wa Ukoo wa Kumi na Nne

Kerende, Nyamongo
15 Januari 1995

Mke wangu Felistas,

Picha imefika. Ilikaa posta ya Tarime siku tisa kwa sababu wiki ya mwaka mpya hakuna lori lililoshuka kutoka huku. Mama ameiangalia, akasema umenenepa, na unajua kwake hiyo ni sifa. Mimi nilichokiona ni yule mwanaume aliyesimama kushoto kwako, ameweka mkono juu ya kiti chako. Nyuma ya picha umeandika majina ya watu wote wa maabara pamoja na nchi zao. Yeye umemwandika "Simioni" basi, kama vile namfahamu. Simioni wa nani?

Sasa habari itakayokuudhi. Nimeacha kufundisha tangu Desemba. Nusu ya kidato cha nne walikuwa wameshahamia kwenye mashimo ya dhahabu huku Kerende, nikajikuta namfundisha mwalimu mwenzangu. Nimeingia duara moja na binamu yangu Werema. Duara ndilo jina la shimo huku, ingawa letu lina pembe nne. Tumefika futi sitini na bado tunatoa udongo mwekundu.

Usiniandikie kwamba nimepoteza elimu. Elimu yangu ilipotea siku ile Musoma, tulipofanyiwa usaili wote wawili kwa nafasi moja. Mimi niliyekuwa wa kwanza miaka yote mitatu chuoni Mlimani nikarudi na nauli, wewe ukarudi na barua ya kwenda Glasgow, kwa kuwa walitaka mwanamke kwenye orodha yao.

Ukiandika tena usinieleze theluji. Nieleze kazi yenyewe.

Mumeo,
Godwin Mwikwabe


Glasgow
9 Februari 1995

Mume wangu,

Simioni Okech ni wa Migori. Anaunga dagaa wake wa omena kwa nyanya za kopo, ana mke na watoto watatu, na mkono wake uko juu ya viti vya watu wote. Nimemaliza habari za Simioni.

Kuhusu shule nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kujibu. Nitasema tu kwamba nimesikitika, halafu nikueleze kazi, maana ndiyo uliyoomba.

Nzi wetu ni wale wadogo wanaokuja kwenye ndizi zilizoiva. Wana jeni moja inayotia rangi nyeusi. Ikilala, nzi anakuwa wa njano mpauko. Jeni hiyo haijiamshi yenyewe. Kwenye uzi uleule wa DNA kuna vipande vinavyoipa amri, ni kama swichi: kimoja kinasema "tia weusi kwenye mabawa", kingine kinasema "tia kwenye zile nywele ngumu za mgongoni". Sasa ukichukua kipande cha DNA tunachokiita kizuizi, ukakipachika katikati ya swichi ya mabawa na jeni, unapata nzi wa ajabu: mabawa yamepauka lakini nywele ni nyeusi ti. Swichi ni nzima, jeni ni nzima, ila amri ya mabawa haipiti. Ile ya nywele inapita kwa sababu iko upande wa pili, kizuizi hakiko njiani mwake. Hivyo ndivyo kromatini, yaani DNA pamoja na protini zilizoikunja, inavyogawanywa ili amri ya jirani isiingilie jeni isiyomhusu.

Kizuizi chenyewe hakifanyi kitu peke yake, mpaka protini fulani ije ikae juu yake. Nimekuwekea nakala ya makala inayoeleza hayo. Kazi yangu mimi ni kukipunguza kizuizi, kukata hapa na pale, nione kipande kifupi kiasi gani bado kinazuia, kila mkato na ukoo wake wa nzi.

Na hapo ndipo nilipokwama. Ukoo wangu wa kumi na nne una kizuizi kifupi, nimekihakikisha mara tatu. Lakini ndani ya chupa moja baadhi ya nzi wana mabawa yaliyopauka na baadhi wana mabawa meusi. Ndugu wa chupa moja! Nilisimama kwenye mkutano wa maabara nikasema kipande nilichokata ndicho cha lazima. Profesa akauliza: "Kama ni cha lazima, mbona wengine bado wamepauka?" Nikakaa chini.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Majike wenye mabawa meusi nikiwaweka chupa moja na madume hawaleti funza hata mmoja. Chupa nne zimekufa. Nadhani nilikosea kupika chakula chao, uji wa mahindi na chachu, nao hapa watanicheka kwamba binti wa Tarime hawezi kupika uji. Sitaki Profesa ajue. Usimwambie mtu.

Na huyo Teresia anayewapikia huko kwenye duara ni nani? Dada yako ameniandikia.

Wako,
Felistas Atieno


Kerende
12 Machi 1995

Felistas,

Teresia ni mke wa Werema. Dada yangu anajua hivyo vizuri sana, ana hamu tu ya kuona tunagombana.

Makala nimeisoma, ni ngumu. Nimekaa mbali na mambo hayo, kichwa kimejaa udongo. Sina la kukusaidia.

Mama anauliza kila Jumapili akitoka kanisani. Anasema ng'ombe wake wa mahari walikwenda kwa Wajaluo mwaka wa nne huu na mjukuu hamwoni. Mimi nimjibu nini? Kwamba mkweo yuko Ulaya anazalisha nzi? Na kumbe hata nzi wako hawazai.

Kama kazi imeshindikana, si aibu kurudi. Watu wanarudi. Mwalimu wa baiolojia anatafutwa hata Mugumu.

Godwin


Glasgow
6 Aprili 1995

Godwin,

Nilikuomba usimwambie mtu, sikujua kwamba ningepaswa kukuomba usiniambie na mimi.

Profesa amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nisipoeleza ukoo wa kumi na nne, ufadhili unakatwa na tiketi ya kurudi inakatwa. Simioni amenisaidia kupika chakula upya, kwa kupima kila kitu kwenye mizani. Majike wale bado hawazai.

Mwambie Mama namsalimu, shikamoo yake.

Atieno


Kerende
30 Aprili 1995

Mpenzi wangu Felistas,

Nisamehe kwa maneno yale. Yaliandikwa na mtu aliyekuwa ametoka kuchota maji shimoni kwa ndoo tangu alfajiri. Mvua za mwaka huu zimejaza duara mpaka nusu. Tunachota, linajaa, tunachota.

Nimeanza nyumba Nyarero, upande wa juu wa kwa Mama, panapopita upepo. Matofali nimeshachoma. Nimeacha nafasi ya dirisha kubwa jikoni, maana najua ulivyochukia lile jiko la nyumba ya walimu lenye moshi. Akinyi mdogo wako alikuja kutoka Sirari akapaona, akasema "dada atapenda". Usiku wa baridi huko ufikirie dirisha hilo.

Kuhusu nzi, usijitese. Mambo mengine hayana maelezo. Ukirudi Julai utakuta mahindi mabichi.

Nakungoja.

Mumeo anayekupenda,
Godwin


Glasgow
25 Mei 1995

Mpenzi Godwin,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Asante kwa dirisha.

Nimekubali. Sufuria zangu nimempa Simioni, koti zito nimemwahidi msichana wa chumba cha pili. Kila mtu hapa ananiambia jaribu hiki, jaribu kile. Wewe peke yako umeniambia nipumzike, na nimegundua ndicho nilichotaka kusikia.

Jaribio la mwisho nimelifanya kwa kuaga tu. Nilichukua madume wenye mabawa meusi, nikawapa majike wa ukoo mwingine wenye kizuizi hichohicho. Watoto wametoka, mamia. Wote mabawa yamepauka! Hata mmoja mweusi hayumo. Sasa weusi wa baba zao umekwenda wapi? Nimewaacha tu humo kwenye chupa.

Nikuambie neno ambalo sijawahi kukuambia, kwa kuwa sasa halina madhara. Ungekuwa wewe hapa, ungeshaona kosa liko wapi. Mlimani nilikuwa nasoma mpaka saa nane usiku ili nikufikie, na wewe ulikuwa umelala. Wale wa Musoma walimchukua mtu asiye sahihi. Nimelijua hilo tangu siku ile.

Nitafika Julai tarehe nane, Mungu akipenda.

Felistas wako


SIMU YA MAANDISHI
POSTA TARIME, 14 JUNI 1995
KWA FELISTAS ATIENO, GLASGOW

CHAKULA HAKINA KOSA. WEUSI HAWANA PROTINI YA KIZUIZI. PANDISHA WATOTO KWA WATOTO LEO. HESABU WAJUKUU. ROBO WATAKUWA WEUSI. MWAMBIE PROFESA MAJIKE HAWAZAI. USIRUDI. BARUA INAKUJA. GODWIN


Tarime
14 Juni 1995

Felistas,

Nakuandikia hapa posta, juu ya meza yao, mikono bado ina tope. Barua yako nilipewa jana jioni na dereva wa lori. Leo nimetoka Kerende kwa miguu mpaka njia panda.

Sikiliza. Umekuwa ukiangalia kizuizi tu. Kizuizi chako kifupi ni kizima na kinafanya kazi, ndiyo maana kwa nzi wengine mabawa yamepauka. Kilichokosekana kwa wale weusi ni protini inayokaa juu yake. Bila hiyo kizuizi ni uzi tu kama uzi mwingine, amri ya mabawa inapita, na bawa linakuwa jeusi. Sasa fungua ile makala, ukurasa wa tatu, mstari wa chini kabisa: majike wasio na protini hiyo ni wagumba. Hilo halina uhusiano na uji wako.

Nzi mwenye nakala moja mbovu ya jeni ya protini na moja nzima anaonekana mzima. Mbovu zikikutana mbili ndipo anakuwa mweusi. Kwa hiyo watoto wa wale madume wote wamepauka, lakini wote wamebeba nakala mbovu. Wapandishe wao kwa wao utaona robo. Ni yaleyale ya njegere niliyokuwa nafundisha kidato cha nne. Ubovu huo nadhani uliingia na nzi wale wa kwanza mliopewa na maabara nyingine. Waulize walikotoka.

Siku kumi au kumi na mbili zinatosha kupata wajukuu. Fanya haraka. Ndiyo kwanza nimeliona leo.

Godwin


Glasgow
20 Julai 1995

Godwin,

Wajukuu mia nne na kumi na wawili. Weusi tisini na saba. Niliwahesabu tarehe ishirini na saba, nikahesabu tena, kisha Simioni akahesabu bila kuambiwa jibu langu. Nilimwendea Profesa nikamweleza yote, pamoja na majike. Akaniuliza kwa nini sikumwambia Februari, kwa kuwa angelijua siku hiyohiyo. Nikamwambia niliona aibu. Ufadhili umeongezwa miaka miwili. Kizuizi changu kifupi kinazuia kweli, nacho ni kifupi kuliko tulivyotarajia.

Nililia kwa furaha siku tatu. Siku ya nne nikaanza kufikiri.

Mambo yote uliyoyatumia kupata jibu yalikuwa kwenye barua yangu ya Februari na makala niliyokutumia nayo. Ya Mei iliongeza watoto tu, nao hukuwahitaji. Unataja ukurasa wa tatu, mstari wa chini, ukiwa umesimama posta Tarime na makala iko Kerende. Mtu haishiki hivyo makala aliyoisoma mara moja akaiona ngumu.

Nimetoa barua yako ya Machi. "Na kumbe hata nzi wako hawazai." Nilidhani ni matusi tu.

Ulijua lini?

Atieno


Kerende
12 Agosti 1995

Felistas,

Nilijua tarehe saba Machi, jioni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilisoma barua yako mara mbili na makala mara moja, nikaliona lote. Nilicheka kwa sauti mpaka Werema akauliza, "Mura, umeokota dhahabu?" Nikamwambia ndiyo.

Nilichukua karatasi nikaandika jibu lote, na mchoro. Halafu nikafikiria utakavyolipokea. Ungesimama kwenye mkutano wenu ukalisema kwa sauti yako, na yule Simioni angekuwa wa kwanza kukupigia makofi. Mimi ningekuwa hapa, futi themanini chini, nikipiga nyundo. Nikaona kwamba nikinyamaza tu, bila kufanya ubaya wowote, utarudi. Karatasi ile nikawashia kibatari.

Ile ya Aprili, yenye dirisha, ndiyo mbaya zaidi. Nyumba ni kweli na dirisha ni kweli, lakini niliviandika kama mtu anavyotupa mahindi kuita kuku.

Ulipoandika kwamba ningeshaona kosa, nilipata neno nililolitamani tangu Musoma. Lilikaa mfukoni usiku kucha. Asubuhi nilikuwa nashuka kwa kamba, likanijia: ameniita mwenye akili, na sasa hivi anagawa sufuria zake. Nikapanda juu. Werema alifikiri shimo limeporomoka.

Sina utetezi. Ukisema iishe, nitampelekea baba yako habari mimi mwenyewe.

Godwin Mwikwabe


Glasgow
10 Septemba 1995

Godwin,

Nilianza barua tatu za kukutukana. Ya pili ilikuwa nzuri sana, ungeumia. Sijaituma kwa sababu ilikuwa na uongo ndani yake, nilijiandika humo kama mtu msafi.

Novemba mwaka jana, kabla hujaacha shule, Profesa aliniona nacheka na barua yako. Nilikuwa nimekuandikia jambo dogo la macho ya nzi, nawe ukanichorea jibu. Akaomba kuuona ule mchoro. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni mume wangu, mwalimu. Akasema ana nafasi moja zaidi mwaka unaofuata, je, hatapenda kuomba?

Nikamjibu, "Hapana, anapenda shule yake, hawezi kuondoka." Nilijibu upesi hivyo, bila kupumua. Mwezi uliofuata ukaacha shule, na mimi sikusema kitu.

Unajua ni kwa nini. Miaka mitatu Mlimani nilikuwa "yule anayekaa karibu na Mwikwabe". Nikitoa jibu, mwalimu anageuka kukuangalia wewe kuona kama ni sahihi. Hapa kwa mara ya kwanza walikuwa wananiangalia mimi. Niliogopa ukifika utasoma chupa zangu kwa wiki moja na nitarudi kule kule. Ona, hukuhitaji hata kufika.

Kwa hiyo ulininyima miezi mitatu, nami nilikunyima mwaka. Sijui kama vinalingana, wala sitaki tuvipime. Siku nyingine nakuchukia asubuhi, mchana nakumbuka jibu nililompa Profesa, natulia.

Jana nimemwambia ukweli. Nimemwambia pia jibu la ukoo wa kumi na nne ni lako. Aliuliza kwa nini lilichelewa. Nikasema posta.

Nafasi iko tena. Fomu ni hii. Ukiichana nitaelewa.

Felistas


Migori, Kenya
8 Oktoba 1995

Mke wangu,

Kwanza habari za duara. Wiki iliyopita tuligonga mwamba mweupe wenye mstari wa dhahabu. Teresia alipiga vigelegele mpaka watu wa maduara ya jirani wakaja na taa. Werema alinishika mabega, akasema, "Sasa unaondoka? Sasa?" Nimemwachia sehemu yangu, ananitazama kama mgonjwa. Mama nimemwambia ninakwenda kuangalia nzi. Akauliza kama huko kuna kanisa.

Nilipofika mahali unaposema "hapana, anapenda shule yake", niliitupa barua yako chini. Nikatembea hadi mtoni na kurudi. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Halafu nikakumbuka kibatari, nikaiokota.

Sitakwambia wivu umekwisha. Hata sasa, nikifikiria Profesa anavyosoma hesabu zako za wajukuu, moyo unasema: zile ni zangu. Ni zako. Ulizihesabu wewe.

Fomu nimeijaza. Nimevuka Sirari kuja kuiposti huku kwa kuwa inafika upesi. Nimeiandikia jina la Profesa mwenyewe, haipitii kwako. Usiniombee nafasi, wala usinizibie. Wakinikataa, nirudi darasani nikijua nimekataliwa na watu wasionifahamu.

Wakinikubali, nipewe nzi wengine na meza ya mbali na yako, mwisho wa chumba, dirishani au pasipo na dirisha. Nikiona kosa lako nitapita nikwambie siku hiyohiyo, na wewe ukiona langu, hivyohivyo, hata kama Simioni yupo.

Lakini nyumbani tukae chumba kimoja.

Godwin